Kompyuta Ikikataa Kuamka, Usikimbilie Kuifuta

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari zetu nyingi zimo ndani ya kompyuta, na kompyuta nayo ina siku zake. Unafika ofisini Jumatatu asubuhi, unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, halafu skrini inabaki nyeusi na maneno machache meupe ya Kiingereza. Hapo ndipo mtu huanza kutoka jasho.

Nimeona kikundi kimoja cha akina mama kikivunjika kwa sababu ya asubuhi kama hiyo. Walikuwa wameweka akiba pamoja kwa miaka minne. Walipopata kompyuta waliacha kuandika kwenye vitabu, maana mweka hazina aliona ni kazi mara mbili. Siku moja stima ikapotea ghafla, na iliporudi kompyuta ikakataa kuamka. Wakamwita kijana anayejua mambo hayo. Alitazama dakika tano akasema, "Mama, hii imeharibika. Wacha nifute yote niweke upya, itakuwa kama mpya."

Na kweli ilikuwa kama mpya. Haikuwa na jina hata moja ndani. Hakuna aliyeweza kuonyesha nani ameweka kiasi gani na nani bado ana mkopo. Aliyekuwa hajalipa alisema amelipa, na aliyekuwa amelipa hakuaminiwa. Kesi ililetwa kwangu niamue, lakini ningeamua kwa karatasi gani?

Baadaye nilijifunza jambo ambalo bado linaniuma. Kwa dalili walizonieleza, yawezekana sana kwamba mafaili yao yalikuwa mazima wakati kijana yule anafuta. Ndiyo sababu naandika makala hii. Kompyuta kukataa kuamka ni jambo moja, na mafaili kupotea ni jambo lingine. Mara nyingi la kwanza hutokea bila la pili. Ni sisi tunaoleta la pili kwa haraka zetu.

Tunazungumza juu ya kompyuta gani?

Ofisi nyingi za parokia, zahanati na vikundi hutumia kompyuta za msaada ambazo ndani yake kuna Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, akifuata mfano wa Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Hainunuliwi leseni, na inafanya kazi hata kwenye mashine zilizozeeka kidogo. Aina inayojulikana sana kwetu ni Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Maelezo yafuatayo yanahusu Ubuntu na Debian. Aina nyingine hazitofautiani sana.

Mimi si fundi wa kompyuta. Haya nimejifunza kwa kulazimika, nikiuliza wanaojua na kuandika kila hatua kwenye daftari. Ukiweza kusoma maneno kwenye skrini na kuyanakili bila kukosea herufi, unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii.

Kwanza tuelewe: kompyuta inaamkaje?

Wale waliofanya kazi kwenye kamati ya maji watanielewa haraka. Maji yakikatika nyumbani huendi kubomoa tangi. Unafuata bomba: je, chanzo kina maji? Lango la tangi liko wazi? Bomba limepasuka wapi? Mfereji wenyewe umeziba? Kompyuta nayo huamka kwa hatua zinazofuatana kama bomba. Kazi yako ni kujua imekatikia hatua gani.

Hatua ya 1. Programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu huamka kwanza. Katika mashine za zamani inaitwa BIOS, katika za kisasa UEFI. Haikai kwenye diski. Inakagua vifaa, halafu inatafuta diski ya kuanzia kwa kufuata orodha yake.

Hatua ya 2. Kwenye diski inakuta programu iitwayo GRUB. Kazi ya GRUB ni kuutafuta moyo wa Linux, yaani keneli, na kuupakia.

Hatua ya 3. Keneli huamka ikiwa na kifurushi kidogo cha vifaa kinachoitwa initramfs. Ni kama mkoba wa muuguzi wa kijijini: vitu vichache tu vya kumwezesha kuanza kazi kabla hajafika zahanati.

Hatua ya 4. Keneli hufungua sehemu kuu ya diski ambako mfumo wote umekaa.

Hatua ya 5. Mfumo husoma orodha ya diski nyingine za kufungua, huanzisha mtandao na printa, na mwishowe unaona dirisha la kuandika jina na neno la siri.

Angalia vizuri: mafaili yako hayajaguswa katika hatua ya 1, 2 wala 3. Kama mambo yamekwama hapo, barua zako na hesabu zako ziko palepale zilipokuwa juzi, labda tu kama diski yenyewe ni mgonjwa. Hilo tutalisema mbele.

Kabla ya kufanya lolote

Chukua kalamu. Andika maneno yote yaliyo kwenye skrini kama yalivyo, au yapige picha kwa simu. Usiseme tu "imeandika Kiingereza". Hayo maneno ndiyo yanayokuambia hatua gani imekatika.

Kisha jiulize: tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho, nini kimebadilika? Stima ilipotea? Kuna mtu aliyeihamisha meza? Kuna diski ya nje iliyotolewa? Kulikuwa na programu zinazosasishwa, ikazimwa katikati?

Pia ng'oa flashi na CD zote, halafu washa tena. Usicheke. Nimewahi kusafiri nusu siku kwa matatu kwenda kutengeneza kompyuta ambayo ugonjwa wake ulikuwa flashi ya mwanakwaya iliyosahauliwa nyuma. Mashine ilikuwa inajaribu kuamka kutoka kwenye nyimbo za Pasaka.

Dalili na maana zake

*Dalili A: "No bootable device" au "Operating system not found"*

Umekwama hatua ya 1. Mashine haioni pa kuanzia. Washa tena na uingie kwenye mipangilio ya BIOS kwa kubonyeza kitufe mara kadhaa mwanzoni kabisa. Kwa kawaida ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, na F1 au F2 kwa Lenovo. Tafuta kama jina la diski linaonekana.

Kama halionekani, zima, chomoa waya wa stima, shika kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme wa mwilini, kisha fungua. Diski ina waya mbili: mwembamba wa habari na mpana wa umeme. Chomoa na uchomeke tena zote mbili kwa nguvu ya kiasi. Kompyuta zinazosafirishwa kwenye barabara zetu hulegea waya mara nyingi.

Kama jina la diski linaonekana, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya duara kwenye ubao imekwisha. Ni aina ya CR2032, volti 3, hupatikana hata kwa fundi wa saa. Ikiisha, mashine nyingi za zamani husahau mipangilio yao. Kompyuta iliyowekewa Linux kwa njia ya UEFI ikirudi kwenye njia ya zamani, haitaona pa kuanzia ingawa diski ni nzima. Badilisha betri, rudisha mpangilio, weka diski iwe ya kwanza kwenye orodha, hifadhi, na uwashe upya.

*Dalili B: "grub rescue>"*

Umekwama hatua ya 2. GRUB imeamka lakini haipati folda yake. Hutokea sana pale mtu amegawa diski upya, au ameongeza diski ya pili na mpangilio ukabadilika. Andika:

ls

Itakuonyesha vipande vya diski, kwa mfano (hd0,msdos1) na (hd0,msdos5), au gpt badala ya msdos. Jaribu kimoja kimoja:

ls (hd0,msdos1)/

Kimoja kikikuonyesha folda iitwayo boot, basi umekipata. Sasa andika, mstari kwa mstari, ukitumia kipande chako:

set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal

Mara nyingi orodha ya kuanzia itatokea na kompyuta itaamka. Lakini huo ni msaada wa siku moja. Ikishaamka, fungua dirisha la amri. Kwenye mashine ya BIOS ya zamani yenye diski moja, andika:

sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub

Angalia: ni /dev/sda tupu, bila namba mwishoni, kwa kuwa GRUB inawekwa mwanzoni mwa diski nzima wala si ndani ya kipande kimoja.

*Dalili C: "Kernel panic" na maneno "Unable to mount root fs"*

Umekwama hatua ya 3. Neno "panic" linatisha lakini mara nyingi maana yake ni kwamba keneli mpya haikuwekwa kikamilifu. Labda stima ilipotea programu zikisasishwa, au nafasi ya diski ilijaa. Linux huwa haitupi keneli ya zamani mara moja. Washa upya ukishikilia Shift kwa mashine ya BIOS, au ukibonyeza Esc kwa UEFI. Chagua mstari wa "Advanced options", kisha keneli yenye namba ndogo zaidi. Ikiamka, tazama nafasi kwa amri ya df -h. Kama kuna mahali pameandikwa 100%, punguza mzigo kwanza, halafu malizia kazi iliyokatika:

sudo apt autoremove
sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

*Dalili D: alama ya "(initramfs)"*

Hii ndiyo iliyotupata sisi wenyewe. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, na orodha ya watoto tunaowalipia karo ilikuwa ndani. Shule zilingoja majina kufikia Ijumaa, la sivyo watoto wangerudishwa nyumbani. Usiku stima ilikuwa imepotea na kurudi mara tatu. Asubuhi skrini ikaonyesha alama hiyo na mstari uliosema kwamba sehemu kuu ya diski inahitaji fsck ya mkono.

Nakiri kwamba mtu aliposema "tuifute tu", nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kuwakumbuka wale akina mama.

Maana yake ni hii. Kompyuta ikiandika kwenye diski huwa na daftari la pembeni linaloorodhesha kazi inayoendelea, kama karani anayeandika kwanza kwa penseli kabla ya wino. Stima ikikatika katikati, daftari hilo hutumiwa kurekebisha mambo. Ikishindikana, mfumo unakataa kuendelea ili usiharibu zaidi. Kwa hiyo kukataa kwake ni ulinzi. Hapo wewe unaipa ruhusa ya kukagua. Tazama jina la kipande lililotajwa kwenye skrini, kwa mfano /dev/sda1, kisha andika:

fsck -y /dev/sda1

Zitapita sentensi nyingi. Ngoja mpaka imalize, hata kama ni nusu saa. Kisha andika reboot. Yetu iliamka. Orodha ilikuwepo, jina kwa jina, na Alhamisi barua zilipelekwa.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, fsck haitumiwi kamwe kwenye kipande kilicho wazi na kinachotumika. Pili, kama diski inagonga au skrini imejaa maneno "I/O error", usiifanye. Soma kwanza sehemu ya diski mgonjwa hapa chini.

Kuna pia aina nyingine ya dalili hii, ambapo skrini inasema "ALERT!" na kwamba UUID fulani "does not exist". Hapo keneli inatafuta kipande cha diski na haikioni. Rudi kwenye waya kama tulivyosema katika Dalili A. Kisha kwenye alama hiyo andika blkid, uone kama kipande chochote kinatajwa.

*Dalili E: "You are in emergency mode"*

Umekwama hatua ya 5, na hii kwa kawaida ndiyo nyepesi kuliko zote. Kabla yake huwa unaona mstari ukihesabu mpaka 1min 30s, yaani sekunde 90. Kompyuta inangojea diski ambayo haipo.

Iko orodha iitwayo /etc/fstab. Ndani yake mmeandikiwa: ukiamka, fungua diski hii na hii. Mtu aliongeza diski ya nje kwenye orodha, kisha siku moja Padre akaichukua akaenda nayo kwenye semina. Kompyuta inaamka, inatafuta, haioni, inagoma. Mfumo ni kama karani mwaminifu asiyefungua mkutano mpaka kila aliyetajwa kwenye orodha awepo.

Ukiulizwa, andika neno la siri la msimamizi mkuu. Halafu:

mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab

Tafuta mstari wa ile diski ya nje. Weka alama ya # mwanzoni mwake ili usisomwe, hifadhi kwa Ctrl na O, toka kwa Ctrl na X, kisha reboot. Kama mnataka diski hiyo ibaki kwenye orodha, ongeza neno nofail kati ya maagizo yake. Maana yake ni: ikiwepo ifungue, isipokuwepo endelea na kazi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini orodha hiyo ina namba ndefu za UUID. Sababu ni kwamba majina kama sda na sdb hutolewa kwa zamu ya kuonekana. Ni kama viti kanisani: leo umekaa cha kwanza, kesho cha pili. UUID ni kama namba ya kitambulisho. Hubaki na mwenyewe popote anapokaa. Ukiandika orodha mpya, tumia UUID, usitumie kiti.

Okoa kwanza, tengeneza baadaye

Kama hujaelewa dalili, au umejaribu na imeshindikana, bado usifute. Linux ina msaada mmoja mzuri sana: inaweza kuamka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya ndani. Kila ofisi inafaa kuwa na flashi kama hiyo, ya GB 16 hivi, iliyotayarishwa mapema kwenye kompyuta nzima na kufungiwa kabatini.

1. Chomeka flashi, washa, na uite orodha ya kuanzia. Ni F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Chagua flashi.

2. Ukiulizwa, chagua kujaribu Ubuntu. Usichague "Install". Hapo ndipo watu wengi hufuta bila kujua.

3. Fungua dirisha la amri uandike lsblk. Utaona diski na vipande vyake kwa ukubwa.

4. Fungua kipande chenye mafaili kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika:

sudo mount -o ro /dev/sda1 /mnt

5. Mafaili ya watu yako kwenye /mnt/home. Chomeka diski ya nje na uyanakili yote huko. Ikikunyima ruhusa, tumia amri ya sudo cp -a.

6. Fungua mafaili mawili matatu kwenye ile diski ya nje uhakikishe yanasomeka. Usiamini jina la faili tu.

Kumbuka kwamba flashi nyingi za kawaida, za mtindo wa FAT32, hazibebi faili moja linalofikia GB 4. Pia kama diski yenu ilifungwa kwa neno la siri tangu mwanzo, bila neno hilo hakuna fundi atakayeifungua. Liandikeni, litiwe kwenye bahasha, liwekwe mahali salama.

Mafaili yakishakuwa nje, hofu inakwisha. Sasa mnaweza kutengeneza, na hata mkishindwa na kuweka mfumo upya, hakuna mtoto atakayekosa karo.

Diski mgonjwa hutibiwa tofauti

Wakati mwingine ni diski yenyewe inayokufa. Diski ya kuzunguka hutoa sauti ya kugonga, ta-ta-ta, au kompyuta inakuwa nzito siku nyingi kabla ya kugoma. Diski za SSD hazina kinachozunguka, na zinaweza kufa kimya. Ukiwa ndani ya ile flashi, unaweza kuiuliza diski hali yake, mradi programu ya smartmontools imewekwa:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kwenye diski ya kuzunguka, tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho ya mstari ikiwa zaidi ya sifuri, na hasa ikiwa inaongezeka, diski inaoza mahali mahali.

Hapo kila dakika ya kuwaka ni kama kumkimbiza mgonjwa wa moyo mlimani. Usiendeshe fsck. Ipo programu ya ddrescue, na katika Ubuntu kifurushi chake huitwa gddrescue. Inanakili kwanza sehemu nzima, halafu hurudia zile mbovu taratibu. Kama hujawahi kuitumia, zima kompyuta na uipeleke kwa anayejua. Kuzima si kushindwa.

Ukimpelekea fundi

Mafundi wetu wengi ni watu wa msaada sana. Lakini wao huona mashine, sisi tunaona watu waliomo ndani. Kwa hiyo tuseme wazi, tena kwa maandishi: "Usifute chochote bila kunipigia simu. Ninachotaka kwanza ni mafaili." Mpe yale maneno ya skrini uliyoandika. Akikuambia ni lazima afute, muulize: umeijaribu kwa flashi? Umenakili mafaili? Fundi mzuri hatakasirika.

Kumbuka pia siri za watu. Kwenye diski ya ofisi yetu kuna majina ya watoto, hali za familia, na wakati mwingine magonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatudai tuzitunze habari hizo, kompyuta ikiwa nzima au mbovu. Ikiwezekana, kaa na fundi anapofanya kazi. Na diski iliyokufa isitupwe takatakani ikiwa nzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta

Nimalizie kwa aibu yangu. Wiki ile ya karo, mtu aliniuliza, "Si mlikuwa na nakala?" Ndiyo, tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye folda iitwayo Nakala, ndani ya diski ileile. Nilikuwa kama mtu anayeficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba iliyofungwa.

Tangu siku hiyo tunafuata desturi ambayo wataalamu huiita 3-2-1. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine nje ya jengo. Kwetu ni hivi: ya kwanza ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa na kutolewa, ya tatu kwenye flashi inayokaa kwa mwenyekiti wa kamati. Zaidi ya hayo, kila mwisho wa mwezi orodha ya karo na hesabu za akiba hupigwa chapa kwenye karatasi na kutiwa sahihi na watu wawili. Karatasi haihitaji kuamka.

Kuna mengine madogo. Pata UPS, hata ndogo, ili stima ikipotea upate dakika chache za kuzima vizuri. Stima ikirudi, ngoja kidogo kabla ya kuwasha, kwa sababu mara nyingi huja na kishindo. Usizime programu zinaposasishwa. Na ubandike ndani ya mlango wa kabati karatasi yenye mambo haya: kitufe cha BIOS cha mashine yenu, flashi iko wapi, nani ana bahasha ya neno la siri, na nani wa kupigiwa simu.

Wale wanawali watano wenye busara hawakujua saa ya bwana arusi. Walijua tu kwamba usiku ni mrefu, wakabeba mafuta ya ziada. Sisi nasi hatujui diski yetu itakufa lini, lakini kila diski hufa siku moja.

Kwa ufupi, kata sehemu hii uibandike ukutani

- Andika maneno ya skrini kabla ya kugusa kitu.
- Ng'oa flashi zote, washa tena.
- Tafuta ni hatua gani imekatika.
- Diski ikigonga, zima mara moja.
- Nakili mafaili kwanza, tengeneza baadaye.
- Usikubali neno "tufute" mpaka umeyaona mafaili yako mahali pengine, kwa macho yako.

Akina mama wale walianza tena baadaye, wachache kati yao, na akiba mpya. Safari hii wana kompyuta, na wana daftari. Mweka hazina wao mpya haoni ni kazi mara mbili.